Aliyeondoka na Besi

Tulikuwa wanne, hapa Mtwara, na tulipiga roki. Majirani wa Shangani waliita kelele. Amplifaya tulinunua kwa pesa za msimu mmoja wa korosho, kila mtu akatoa alichonacho. Tulipiga harusi mbili Mikindani (wakubwa walivumilia) na mara moja Msimbati, ambako jenereta lilizima katikati ya wimbo na watu wakaendelea kucheza kwa ngoma tupu. Halafu mpiga besi akapata kazi ya hotelini Dar es Salaam. Aliondoka Jumapili. Kufika Jumatano tulishamwita msaliti.

Neno hilo linanisumbua mpaka leo. Alisaliti nini hasa?

Chukua kisa cha mwaka 1985. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya shirika la teksi, na shirika hilo liliposhindwa, DDC ikaichukua mwaka 1983. Vyombo vya shirika, mshahara wa shirika. Ndipo Hugo Kisima, mwenye Safari Sound, akaivunja bendi aliyokuwa nayo na kuwachukua wanamuziki sita wa Mlimani, Muhidin Maalim Gurumo na Abel Balthazar wakiwamo. Tukisimulia kisa hiki huwa tunawajadili wale sita: walikosea, hawakukosea? Mimi naona mfanyakazi akihama kwa mwajiri hana deni, kama asivyo na deni kibarua anayehama ghala moja la korosho kwenda jingine. Ila wale waliovunjiwa bendi ili wengine wapate nafasi, mbona hatuwaulizi?

Bendi yetu lakini haikuwa na mwajiri. Hapo ndipo jambo linapokuwa gumu. Bendi huru haina mkataba, ina marafiki tu, na anayeondoka hamwachi bosi, anamwacha mwenzake na nusu ya wimbo mkononi. Sasa, tulijivunia nini kila siku? Eti hatumilikiwi na mtu. Basi mmoja wetu akautumia uhuru huohuo, tukakasirika.

Huwa nawafikiria Sunburst, vijana walioanza Dar es Salaam mwaka 1970, wakichanganya roki na soul na midundo ya Kiafrika wakati majukwaa yalikuwa ya rumba. James Mpungo akiimba, Hembi Flory Kongo kwenye gitaa. Albamu yao, Ave Africa, ilirekodiwa Zambia mwaka 1976, na baada ya hapo bendi haikudumu. Miaka arobaini ikapita, na mwaka 2016 lebo ya Strut ikazikusanya rekodi zao na kuzitoa upya. Nikisikiliza sisikii nani alimkimbia nani. Nasikia watu waliokuwa wakisikilizana. Kuvunjika hakukufuta hilo, wala sidhani kama kuliwalazimu kubaki pamoja milele ili liwe kweli.

Kwa hiyo mpiga besi wetu nimemsamehe, ingawa sina hakika kama palikuwa na kosa la kusamehe. Kinachonikera ni kingine. Mwaka uliofuata tuliiuza ile amplifaya. Yeye alikuwa ametoa robo, kama sisi. Namba yake tulikuwa nayo. Tukagawana watatu, tukanunua pweza na soda, na mmoja wetu akasema, aliyeondoka ameondoka.

Mimi nilicheka.