Picha Isiyokwisha

Katika Injili ya Luka, sura ya 15, twasoma habari za mwana aliyekwenda nchi ya mbali, na za baba aliyebaki nyumbani. Leo twataka kuwasimulia habari iliyo kinyume cha hiyo: baba ndiye aliyekwenda mbali, na watoto ndio waliomwita arudi.

Katika nchi ya Ireland palikuwa na jamaa ya wenye mashamba, jina lao Yeats. Baba, John Butler Yeats, alizaliwa mwaka 1839. Baba yake na babu yake walikuwa wachungaji, lakini yeye aliiacha imani yao. Alisomea sheria, akaiacha nayo, akashika kazi ya kuchora picha. Shamba alilorithi lilielemewa na madeni, mwishowe likauzwa. Mwanawe wa kwanza, William, alizaliwa mwaka 1865, akawa mtunga mashairi mwenye sifa duniani.

Mwisho wa mwaka 1907 mzee huyo alivuka bahari kwenda New York, kutembea tu. Hakurudi tena. Kwa muda wa miaka 14 alikaa huko, na barua zikawa daraja kati yake na mwanawe. Alimwandikia juu ya uchoraji, na mashairi, na maisha ya wanadamu. Barua zile zilikuwa nzuri hata mwaka 1917 sehemu zake zilipigwa chapa kuwa kitabu, katika kiwanda cha binti yake mwenyewe.

Mwana naye hakujibu kwa maneno tu. Alimwuzia John Quinn, rafiki yao wa New York, maandiko yake ya mkono, na fedha zile zikalipa chumba na chakula cha baba. Tena mwana huyu ameandika kwamba, alipokuwa mtoto, baba yake alimfundisha kusoma kwa hasira, hata akamtupia kitabu kichwani. Lakini hakumlipa baba ubaya ule. Enyi vijana, amri ya nne haikusema tuwaheshimu wazazi wasio na kosa. Nanyi wazazi, kumbukeni neno la Paulo kwa Wakolosai, sura ya 3, msiwavunje moyo watoto wenu. Kwa maana si kila mtoto atakayesahau kitabu kilichotupwa.

Watoto walimsihi arudi, wala si mara moja. Kila mara alikuwa na udhuru, na udhuru mmoja ulikuwa huu: tangu mwaka 1911 alikuwa akichora picha ya uso wake mwenyewe, aliyoagizwa na huyo Quinn. Alichora, akafuta, akachora tena. Tarehe 3 Februari 1922 akafa kule ugenini, na picha haijakwisha.

Wapenzi, tusimhukumu mzee huyu. Hukumu ni ya Mungu. Na tujitazame sisi. Je, hatuchori nasi picha za nafsi zetu? Mmoja asema, “Nitarudi mezani pa Bwana nikiisha kutengeneza mwenendo wangu.” Mwingine asema, “Nitapatana na baba yangu nikipata mali ya kumwonyesha.” Basi twachora na kufuta, na siku zapita. Yule mwana mpotevu hakungoja kupata nguo safi. Aliondoka na matambara yake, na vazi jipya alilikuta kwa baba. Hii ndiyo neema: Mungu hatupokei kwa kuwa picha yetu imekwisha, bali kwa ajili ya Kristo, aliyeimaliza kazi yote msalabani.

Dr. Martin Luther naye alikuwa mwana wa baba mkali. Mwezi wa Februari mwaka 1530, aliposikia kwamba baba yake ni mgonjwa, alimwandikia barua ya kumtuliza moyo katika Kristo. Mwezi wa Mei mzee akafariki. Barua ile ilifika kwa wakati wake.

Basi, ndugu, ukiwa na barua ya kuandika kwa baba au kwa mwana, iandike leo. Ukiwa na safari ya kurudi nyumbani, ondoka. Na Baba yetu wa mbinguni, anayetuita kila siku kwa Neno lake, atupe masikio ya kusikia na miguu ya kurudi, kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.