AKILI BILA HURUMA

Bismillahi Rrahmani Rrahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, nawausia ninyi na nafsi yangu kumcha Mwenyezi Mungu.

Mtu akikimbia na pesa za likelemba, akawaacha wajane wakilia, utasikia watu wakisema: "Lakini yule ana akili sana!" Tuchunge maneno hayo. Yanamsifu mwizi, na watoto wetu wanayasikia.

Wako watu wasio na huruma wala majuto. Wataalamu wanaiita hali hiyo saikopathi. Mwaka 1941 daktari Hervey Cleckley wa Marekani aliandika kitabu juu yao, akataja mvuto wao na akili zao nzuri. Tangu hapo wengi wameamini kwamba watu hao ni werevu kupita wengine. Lakini tafiti nyingi zilipokusanywa na kulinganishwa, halikuonekana jambo hilo. Kwa jumla hawatuzidi akili, pengine wako chini kidogo. Cleckley mwenyewe aliandika kwamba hawajifunzi kwa yaliyowapata.

Basi kwa nini wanatushinda? Kwa sababu sisi tunaona haya pale wao hawaoni. Sisi tunaheshimu kiapo, wao wanakifanya chambo. Huo ni upungufu wa moyo, ndugu zangu.

Qur'ani ilitutahadharisha zamani. Katika Suratul-Baqara, aya ya 204 na 205, tunaelezwa juu ya mtu mwenye maneno ya kupendeza, anayemtaja Mungu kuwa shahidi wa moyo wake, kisha akiondoka anakwenda kufanya uharibifu. Na Mtume (s.a.w.) alitufundisha kumjua mnafiki kwa mambo matatu: uongo, kuvunja ahadi na kuhini amana. Yote ni matendo yanayoonekana.

Kwa hiyo tusimwite jirani mgonjwa. Hiyo ni kazi ya daktari. Lakini kabla ya kumpa mtu amana au kumwoza binti, tuulize: ahadi zake za jana alizitimiza? Na tukikopeshana, tuandike mbele ya mashahidi, kama aya ya 282 ya sura hiyo hiyo inavyoamrisha. Mtoto akifaulu shuleni tumpongeze, na siku akirudisha franka aliyoiokota tumpongeze zaidi.

Ee Mola wetu, tupe akili inayokucha na moyo wenye huruma, na utulinde na hila za wenye hila. Amin.