Bundi Hajui Ghaibu



Wengi katika sisi watu wa pwani tuna jamaa Nairobi, na siku za karibuni tulikwenda kuwazuru jamaa zetu wakaao Parklands. Mtaa ule, ijapokuwa nyumba nyingi za zamani zenye bustani zimevunjwa na mahali pake pamesimama maghorofa, bado una miti. City Park iko papo hapo, na msitu wa Karura hauko mbali. Kwa hiyo akaaye huko huona dirishani pake ndege ambao macho yetu ya Mombasa hayakuwazoea. Yuko ndege wa kijani ambaye akiruka hufunua mbawa nyekundu, na wataalamu wamepata kuwa rangi ile nyekundu ina madini ya shaba ndani yake. Yuko na hondohondo mwenye mdomo mkubwa. Kila ajapo mmoja wao, watu wa nyumba walituita tutazame, wakasema, "Subhanallah!"

Usiku wa pili akaja bundi. Alitua juu ya chuma cha roshani, akalia mara tatu. Hapo Subhanallah haikusikika. Mke wa mwenye nyumba alikuwa mja mzito, naye yu katika mwezi wake wa tisa, akaanza kulia. Mmoja alitaka mawe, wa pili alitaka chumvi itiwe motoni, na wa tatu akasema apigiwe simu mganga, na mama yule asende hospitali kesho yake, siku aliyoagizwa na daktari, mpaka nuhusi ipite!

Sisi twauliza: ndege wa mchana na huyu wa usiku, je, si Muumba wao ni mmoja? Kwa nini yule awe ni dalili ya uwezo wa Mungu, na huyu awe ni tarishi wa mauti?

Jambo hili si geni. Waarabu wa Jahiliya walikuwa wakimshtua ndege kabla ya safari. Akiruka kuumeni huenda, akiruka kushotoni hurudi. Na juu ya bundi walidai kuwa ni roho ya mtu aliyeuawa, iliayo kiu mpaka alipiziwe kisasi. Mtume wetu (s.a.w.) aliyabatilisha yote mawili, na hiyo tiyara akaihesabu kuwa ni katika shirki. Na alipofiwa na mwanawe Ibrahim, mwaka wa 10 wa Hijra, jua lilipatwa siku ile ile, na watu wakasema limepatwa kwa msiba wake. Lau angalikuwa mwenye kutaka utukufu wa dunia, angalinyamaza. Walakin alisimama, hali moyo wake una huzuni, akawafundisha kuwa jua na mwezi havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa uhai wake. Basi ikiwa jua halikutoa khabari ya kufa kwa mwana wa Mtume, bundi wa Parklands atatoa khabari ya nani?

Mtazameni bundi kwa akili. Macho yake hayazunguki katika matundu yake, kwa hiyo amejaaliwa shingo yenye mifupa 14, hali yetu ina 7, naye huweza kugeuza kichwa karibu robo tatu ya duara. Manyoya yake yana ncha laini, huruka bila ya kishindo. Na chakula chake kikubwa ni panya. Asubuhi tulichungulia chini ya roshani ile, tukaona jaa limefurika na panya wakipita. Lau bundi angalikuwa na la kutuonya, angalituonya juu ya taka zetu!

Mama yule, alhamdulillahi, alikwenda hospitali siku yake, na baadaye akajifungua salama. Walakin hatulitoi hilo kuwa ndiyo hoja yetu. Lau angalifikwa na msiba, neno letu lingalikuwa hili hili: kudra ni ya Mungu, na bundi hana fungu ndani yake. Mwenye kungoja matokeo ndipo aamini, huyo leo ataamini na kesho atakufuru. Na lau angaliachwa nyumbani akadhurika, watu wangalisema, "Tuliwaambia, bundi alilia," wakamsingizia ndege dhambi waliyoifanya wao wenyewe.

Basi enyi ndugu, mkimsikia bundi usiku, msimrushie mawe. Mtume amekataza kumfanya mwenye roho kuwa shabaha. Tegemeeni Mungu, mwendeeni daktari, ondoeni taka, na waiteni watoto dirishani wamtazame. Na waseme kwake kama wasemavyo kwa yule mwenye mbawa nyekundu: Subhanallah.

Mwenyezi Mungu azitakase itikadi zetu. Amin.