Halafu na Kwa Hiyo

Kiswahili kina neno moja linalofanya kazi mbili bila kulalamika, nalo ni kisa. Kisa ni hadithi, na kisa ni sababu. Mtu akiuliza "Kisa?" hataki asimuliwe, ataka aambiwe kwa nini. Wahakiki wetu husema msuko wa matukio, na msemo huo ni mzuri kwa kuwa hukumbusha ukili na nywele, lakini kwa mtoto wa darasa la pili naona kisa kinatosha. Kumfundisha kisa ni kumfundisha kuuliza sababu. Je, tunapomfundisha hivyo, tunamfundisha pia haki?

Nieleze zoezi nililokuwa nikilitumia katika miaka yangu ya ualimu hapa Mwanza. Nilichora picha nne kwenye vipande vya manila. Ya kwanza, mvuvi anafunga mtumbwi kwa kamba iliyochakaa. Ya pili, bibi kizee anapita ufukoni na mzigo wa kuni kichwani. Ya tatu, ni usiku, upepo mkali wavuma ziwani. Ya nne, asubuhi, mvuvi ameshika kiuno na mtumbwi haupo. Watoto huzipanga kadi chini ya mti, kisha kati ya kadi na kadi huweka kijiti au kokoto. Kijiti maana yake "halafu". Kokoto maana yake "kwa hiyo".

Kupanga hawakosei. Ajabu iko kwenye kokoto. Makundi mengi yaliiweka baada ya bibi: bibi alipita, kwa hiyo mtumbwi ukapotea. Ukiwauliza, hujibu kama watu wanaojua hadithi. Kama hakufanya neno, amechorwa wa nini? Na kwa upande wa hadithi wana haki. Katika ngano za sungura na fisi hapiti mtu bure. Katika maisha, karibu wote tunapita bure.

Aristotle alikwisha kuonya, katika kitabu chake juu ya utunzi, kwamba jambo kutokea baada ya jingine si sawa na kutokea kwa sababu yake. Yeye alikuwa akiwaza tamthilia. Sisi wa Kanda ya Ziwa hatuna anasa hiyo. Tangu miaka ya 1970, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, vikongwe wengi wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na macho mekundu yalitosha kuwa ushahidi. Macho yaliyoiva kwa moshi wa kuni na samadi, jikoni, miaka hamsini. Mpiga ramli naye ni msimulizi. Mtoto aliugua, bibi alikuwa amepita, kwa hiyo. Kazi yake yote ni kuweka kokoto mahali pa kijiti, na hulipwa kwa kazi hiyo.

Basi wapo watakaosema tuache, mwalimu afundishe silabi, visa watajifunza ukubwani. Siafiki hata kidogo. Ukubwani watafundishwa na huyo mpiga ramli.

Ninachopendekeza ni kufumua baada ya kusuka. Toa kadi moja, utazame kama mwisho bado unasimama. Mtoe bibi: mtumbwi bado umepotea. Rudisha bibi, ibadilishe kamba iwe mpya: huenda mtumbwi upo. Mtoto wa miaka minane huliweza hilo, na hulifurahia kuliko kupanga, maana watoto hupenda kubomoa. Sidai kwamba zoezi la dakika arobaini litamzuia mtu na panga. Lakini akili iliyozoea kutoa kadi ina mahali pa kusimama kabla ya kulaumu.

Aniceti Kitereza wa Ukerewe alilielewa jambo hili, nadhani. Riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, aliyoimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945 na kuchapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980, yahusu ndoa isiyopata mtoto na lawama anazotupiwa mke. Wasomaji wenye haraka hulalamika kwamba watu wanaamkiana kurasa nzima, wanalima, wanapika pombe, wanaondoka. Mimi naona ni heshima. Mtu anaruhusiwa kupita.

Na "halafu" tupu nayo huua. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, wakafa mamia ya watu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia gati la Ukara, wakafa zaidi ya 200. Vyombo vyote viwili vilikuwa vimepakia kupita kiasi. Niliwahi kusikia watu wazima wakisema ni ajali tu, siku yao ilikuwa imefika. Darasa la watoto wa ufukweni laweza kuzipanga kadi hizo mbili, ya 1996 na ya 2018. Katikati yake wataweka kijiti, au kokoto?