Wasomi katika Vuguvugu la Wafanyakazi

Kanuni za Jumuiya ya Kimataifa ya Wafanyakazi, iliyoundwa London mwaka 1864, zilitamka kwamba ukombozi wa tabaka la wafanyakazi ni jukumu la wafanyakazi wenyewe. Aliyeziandika, Karl Marx, alikuwa msomi mwenye shahada ya udaktari wa falsafa. Katika mkutano mkuu wa Geneva mwaka 1866, baadhi ya wajumbe kutoka Ufaransa walitaka uwakilishi uwe wa watu wa kazi za mikono tu. Hoja yao ilishindwa, lakini swali lilibaki: msomi ana nafasi gani katika mapambano ya tabaka lisilo lake?

Jibu moja lilitolewa na Karl Kautsky, mwananadharia wa ujamaa, na Lenin, mwanamapinduzi wa Urusi, akalishika katika kitabu chake cha mwaka 1902, Nini Kifanyike? Kwa mtazamo huo, wafanyakazi wakiachwa peke yao huishia kudai mishahara na sheria nafuu. Nadharia ya ujamaa huletwa kwao kutoka nje, na wasomi.

Wapinzani waliliona jibu hilo kuwa la hatari. Hata kabla ya jibu hilo, mwaka 1873, mwanaharakati wa anarkia Bakunin alikuwa ameonya kwamba utawala wa wataalamu kwa jina la umma ungezaa mabwana wapya. Mwaka 1904 mwanamapinduzi wa kijamaa Rosa Luxemburg alisisitiza kwamba umma hujifunza kwa kupambana, hata kwa kukosea. Mwaka uliofuata, wagomaji wa viwanda vya nguo vya Ivanovo-Voznesensk, Urusi, walichagua baraza lao wenyewe, chombo ambacho kitabu cha Lenin hakikukitaja.

Antonio Gramsci, mwanamapinduzi wa Italia aliyeshiriki harakati za mabaraza ya viwanda mjini Torino mwaka 1919 na 1920, baadaye aliandika gerezani kwamba kila binadamu hufikiri, ingawa si kila mtu amepewa na jamii kazi ya usomi. Kila tabaka linaloinuka hulea wasomi wake, na wafanyakazi hawana budi kulea wao.

Hoja ya Gramsci ndiyo yenye uzito zaidi. Vuguvugu linahitaji watu wa kutunza kumbukumbu za migomo iliyopita, kuchambua uchumi na kuunganisha madai ya viwanda mbalimbali. Lakini msomi asiyeweza kuhojiwa wala kuondolewa na wafanyakazi ni mtawala mtarajiwa; mafanikio ya msomi wa kweli hupimwa kwa idadi ya wafanyakazi walioweza kushika kazi yake.