Mtu Akiacha Pombe, Anakumbuka Nini?

Mtu akiulizwa kwa nini anakunywa lutuku kila jioni, mara nyingi hujibu: «Nakunywa nipate kusahau.» Twalisikia neno hilo katika mitaa ya Lubumbashi, twalisikia Bukavu penye kasiksi na kanyanga, na kwa kawaida twalijibu upesi kwa maonyo. Mimi naona lafaa kusikilizwa kwanza, kwa sababu msemaji hasemi uongo. Pombe yasahaulisha kweli. Na wale wanaomsihi aiache humwahidi kwamba akili yake itatulia, atafikiri vema, atakumbuka. Ahadi hiyo nayo ni ya kweli kwa wengi. Lakini ni wachache wanaomwambia atakumbuka nini.

Tuangalie kazi ya pombe kichwani. Ndani ya ubongo, upande wa kulia na upande wa kushoto, kuna sehemu ndogo inayopokea mambo ya leo na kuyaweka yapate kukumbukwa kesho. Madaktari huiita hipokampasi. Mtu akinywa nyingi kwa haraka, sehemu hiyo huacha kazi yake, na huku sehemu nyingine zaendelea: mtu atembea, aongea, acheka, auza mbuzi, aahidi mahari, ampiga mtoto. Ni kama karani ambaye wino umemwishia katika kalamu, naye anaendelea kuandika ukurasa baada ya ukurasa. Asubuhi karatasi ni nyeupe. Kusema kweli mtu huyo hakusahau, kwa maana hakuna kilichoandikwa. Hata akikaa miaka 20 bila kuonja pombe, usiku ule hautarudi kichwani mwake. Wanaoukumbuka ni wengine: mke, watoto, jirani.

Iko hali mbaya kupita hiyo. Mwaka 1887 daktari wa Moscow, Sergei Korsakoff, alieleza habari za wagonjwa, wengi wao walevi wa miaka mingi, waliokumbuka utoto wao vizuri wasikumbuke walichokula asubuhi. Ukimwuliza mgonjwa wa namna hiyo juu ya jana, atakusimulia kwa utulivu kwamba alikwenda sokoni, akaonana na fulani, akanunua samaki. Kumbe hakutoka kitandani. Kwetu mtu huyo huitwa mwongo. Lakini mwongo ni yule aujuaye ukweli na kuuficha. Huyu ana shimo katika kumbukumbu zake, na akili yalijaza shimo kwa habari zilizo karibu, naye ni wa kwanza kuziamini. Baadaye ilijulikana kwamba sababu kubwa ni upungufu wa vitamini B1. Mwili hauweki akiba kubwa ya vitamini hiyo. Mlevi hula kidogo, na pombe huzuia tumbo kuipokea. Ugonjwa huo huanza mara nyingi kwa macho kuyumba, miguu kukosa nguvu ya kusimama sawasawa, na fikira kuchanganyika. Dalili hizo Carl Wernicke alikuwa amezieleza mwaka 1881. Mgonjwa akichomwa sindano ya B1 mapema, aweza kuokolewa. Akichelewa, mara nyingi kumbukumbu hazirudi zote. Maharagi na karanga zina vitamini hiyo. Lutuku haina.

Sasa mtu ameamua kuacha. Hapo pana onyo ambalo wahimizaji wengi hulisahau. Aliyekunywa kila siku kwa miaka asiache ghafula akiwa peke yake chumbani. Katika siku mbili za kwanza aweza kutetemeka na kupata kifafa, na siku ya pili au ya tatu aweza kuweweseka, kuona vitu visivyokuwapo, hata kufa. Hospitali inazo dawa za kumvusha. Kumfungia mtu nyumbani ili «atubu» ni ukatili, hata kama wanaomfungia wanampenda.

Akivuka siku hizo, asitazamie akili safi mara moja. Wiki za kwanza ni nzito. Usingizi wakatika-katika, pengine kwa miezi. Ajua kusoma, lakini afika mwisho wa ukurasa asijue alichokisoma. Atumwa vitu vitatu sokoni, arudi na viwili. Ubongo uliokaa miaka chini ya uzito wa pombe ulikuwa umejikaza kuuzuia uzito huo. Uzito ukiondolewa, ubongo wakaa bado umejikaza, nao hauna raha. Ndipo jamaa husema: «Kumbe hata bila pombe ni mjinga!» Neno hilo moja laweza kumrudisha mtu kwenye chupa siku ile ile. Yafaa jamaa wajue kwamba picha za ubongo wa watu walioacha zimeonyesha jambo la kutia moyo: ubongo uliokuwa umepungua huanza kurudisha sehemu ya ukubwa wake katika wiki na miezi. Uangalifu warudi kidogo kidogo. Kukumbuka mambo mapya na kupanga kazi vyaweza kungoja miezi mingi, mwaka, hata zaidi. Wazee, na wale waliokunywa kwa muda mrefu sana, pengine hawapati yote.

Na kadiri akili inavyotulia, yaja yale mengine. Yapo mambo ambayo pombe haikuzuia yasiandikwe, iliyafunika tu. Karo ya mtoto iliyonywewa. Matanga ya ndugu ambayo alihudhuria akiwa hajiwezi. Baiskeli ya mwenzake iliyowekwa rehani. Yote haya yamjia asubuhi, hana kitu cha kuyafunikia. Wapo wasemao: basi kuna faida gani? Fedha imekwisha, ndugu amezikwa; mwache maskini alale. Hoja hiyo si ya kipumbavu, na anayeicheka hajakaa karibu na mtu wa namna hiyo. Hata hivyo naikataa. Kosa lililosahauliwa na mtendaji halikutoweka duniani. Mtoto aliyefukuzwa shuleni alikumbuka siku ile, na bado anaikumbuka. Baba akisahau, mzigo ni ule ule, ila mtoto aubeba peke yake.

Katika jambo hili namfikiria Matt Talbot, kibarua wa Dublin katika nchi ya Irlandi, aliyezaliwa mwaka 1856. Alianza kazi akiwa na miaka 12 kwa mfanyabiashara wa vileo, akaanza kunywa huko huko. Mwaka 1884 aliweka ahadi ya kuacha kwa miezi mitatu, akaiongeza, kisha akaiweka kwa maisha yote; alikufa mwaka 1925 asiwe ameivunja. Mtu huyu alikuwa na elimu kidogo tu ya shule, kusoma kulimwia vigumu. Baada ya kuacha alisoma vitabu vigumu, hata Maungamo ya Mtakatifu Augustino, polepole kwa bidii. Hiyo ni akili iliyorudi. Lakini inasimuliwa pia kwamba zamani, yeye na wenzake walimwibia mpiga fidla mmoja wa barabarani chombo chake, wakakiuza wanywe. Miaka baadaye Talbot alimtafuta sana mtu yule asimpate, mwishowe akatoa fedha ili aombewe katika Misa. Angaliendelea kunywa, fidla ile isingalimsumbua.

Deni la Talbot lilikuwa limeandikwa kichwani mwake. Tufanye nini na zile kurasa nyeupe? Mke asema: «Usiku ule ulinipiga mbele ya watoto.» Mume atafuta kichwani, haoni kitu. Kusema «sikumbuki» ni kweli, wala si jibu. Hapo hana budi kuamini kumbukumbu za mwingine kuliko zake, jambo ambalo kwa mwanamume wa kwetu ni gumu pengine kupita kuiacha chupa yenyewe. Na mke naye ana shida yake: aseme yote, au anyamaze? Katika wiki zile za kwanza, mume asipoweza hata kushika vitu vitatu vya sokoni, naona ni afadhali angoje. Baadaye, siku mume atakapouliza mwenyewe, amweleze, na watoto wasiwepo.