Mzee Aulizwe Kabla ya Mvua

Asubuhi ya Jumapili, tarehe 3 Desemba 2023, mvua kubwa iliporomosha tope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang hadi mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha. Wilaya ya Hanang imepakana na mkoa wa Singida. Kwa watu wa Mtinko habari ile haikuwa ya mbali. Nako kwao kuna mashaka: nyumba za tembe zilizosalia, zenye paa la udongo, hulemewa na mvua ya siku nyingi.

Hapo huzuka swali zito. Mzee akikataa kutoka nyumbani saa ya hatari, yatupasa kumbeba kwa nguvu, ama kuliheshimu neno lake? Wengine husema uhai kwanza. Wengine husema mzee si mtoto. Kwa maoni yetu, wote wamechelewa. Mzee akataaye wakati maji yameshafika mlangoni, mara nyingi hakuulizwa wakati wa kiangazi. Pengine awahofia mbuzi wake. Pengine aona haya kubebwa na mkwewe. Amri ya kuwaheshimu wazazi haitimizwi kwa shikamoo tu. Yatutaka pia tuwasikilize mapema.

Na akiulizwa, kisha akakataa vilevile? Hatari ikiwa dhahiri, abebwe; kwa maana hatabaki peke yake, atabaki na mjukuu asiyethubutu kumwacha. Hakuna mwenye haki ya kuchagua kifo cha mwingine.

Mlezi naye afikiriwe. Mara nyingi ni mkaza mwana mwenye mtoto mchanga mgongoni, na mshika mbili moja humponyoka. Basi jirani mmoja mwenye nguvu atajwe kwa jina, mbele ya mzee mwenyewe, kwamba ndiye atakayekuja. Na wa pili atajwe, iwapo wa kwanza yu safarini. Dawa za presha au kisukari, kadi ya kliniki, miwani na tochi vikae katika mfuko mmoja, na fimbo kando ya kitanda. Viongozi wa kijiji nao wazijue nyumba zenye wazee wasioweza kutembea.

Mvua za Singida huanza Novemba au Desemba. Mazungumzo haya yahitaji jioni moja tu, na mzee aketi katikati.